Majibu ya Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameteremsha sanduku la safari kutoka juu ya kabati. Amelipangusa vumbi, hakutia kitu. Ameniarifu kwamba Alhamisi tutakwenda pamoja kwa mshauri wa ndoa. Nisipokwenda, au nikienda kufanya mzaha, atahamia kwa dada yake. Shemeji ameshamtengea chumba. Nimemweleza mke wangu kwamba hana sababu ya kukasirika. Amesema nitajuaje, nami sijawahi kumwuliza. Sikuelewa. Mimi ni mwalimu, nilisimamia mitihani ya taifa hadi nikastaafu. Nimezoea maswali yenye namba.

Jumanne, 4 Machi

Bahati iliyoje! Kinyozi wangu na mkewe walikwenda kwa mshauri huyohuyo mwaka jana, na hadi leo wanaishi pamoja. Nimemhoji wembe ukiwa shingoni mwangu. Anasema mtu huulizwa habari za mwenzake: anapenda nini, anaogopa nini, kinachomhuzunisha ni nini. Nikataka kujua yeye alijibuje. Amenitajia yote, akasema mshauri aliitikia kwa kichwa. Majibu yaliyofaulu kwake yatafaulu kwangu. Nimeyakariri njia nzima hadi nyumbani. Enzi zangu, kijana aliyenaswa na majibu ya jirani nilimtoa nje bila huruma. Lakini huu si mtihani wa taifa.

Alhamisi, 6 Machi

Chumba cha ajabu. Viti vitatu vya kimo kimoja, meza hakuna. Sikujua mkubwa hukaa wapi. Karibu nami paliwekwa boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Nikalisogeza kwa mke wangu. Akalirudisha. Mshauri mwenyewe ni mwanamke wa rika la binti yetu wa mwisho. Akasema hapa hakuna mshindi, wala hatamwambia yeyote kwamba amekosa. Sasa tumekuja kufanya nini?

Aliponiuliza mke wangu ni mtu wa namna gani, nilisimama wima, mikono ubavuni. Nikajibu bila kusita: anapenda kusikiliza mpira redioni, anaogopa paka, na bado anamlilia mama yake marehemu.

Nilingoja kichwa cha mshauri kiitikie. Hakikuitikia.

Nyumbani tuna paka wawili. Mmoja hulala mapajani mwa mke wangu kila jioni. Mama mkwe alipiga simu asubuhi ileile kututakia heri, akaniuliza kama nimevaa soksi. Mke wangu alicheka hadi akazihitaji zile karatasi, kisha kicheko kikageuka kitu kingine.

"Mwalimu," aliniambia, "huyo uliyemweleza ni mke wa nani? Mimi nipo hapa. Niulize mimi. Swali moja tu."

Tumepewa kazi ya nyumbani. Kabla ya Alhamisi ijayo nimwulize mke wangu swali nisilolijua jibu lake, kisha nisikilize mpaka amalize. Yeye atangoja hadi siku hiyo ndipo aamue kuhusu dada yake. Nimerudi kichwa kinazunguka. Mtahiniwa ndiye atunge swali!

Ijumaa, 7 Machi

Kazi imekwisha. Nimemwuliza kama amefunga mlango wa uani. Jibu sikulijua, naapa. Amesema ndiyo. Nimesikiliza hadi mwisho. Ameniangalia sana, kisha amelihamisha sanduku kutoka chumbani hadi sebuleni. Nimelijaribu kwa mguu. Sasa ni zito.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi kwa kinyozi anipe swali alilomwuliza mkewe. Amezima mashine, akacheka mbele ya wateja. "Mzee, nenda nyumbani kamwulize mama mwenyewe." Ubahili mtupu. Nikampigia simu shemeji, kwa kuwa dada mtu ndiye amjuaye. Nikamwomba anidokezee dada yake angependa kuulizwa nini. Akasema kitanda ameshakitandika, shuka ni safi.

Shuka! Mtu unauliza hili, unajibiwa lile. Ukoo mzima haujibu kinachoulizwa.

Mke wangu yuko sebuleni, paka mapajani, sanduku kando yake. Mlango ameuacha wazi. Ameniuliza ninaandika nini. Nimesema si kitu. Akangoja kidogo, kana kwamba zamu ilikuwa yangu. Zamu ya nini, hakusema.

Naam, ningeweza kuinuka, nikae karibu naye, nimwulize yeye mwenyewe anataka kuulizwa nini. Wazo hilo limenijia. Nimelifukuza. Nimesimamia mitihani maisha yangu yote: mtahiniwa hamwendei mtahini kumwomba swali. Huo ni udanganyifu, na kwa udanganyifu mimi sina mchezo.

Kesho asubuhi nitampigia mama mkwe.