Ombi la Kuongezewa Kifungo Ili Malalamiko Yangu Yakamilike

Kitanda namba 9, chumba cha pili
Maskati, Jumamosi, 6 Juni 1998

Bwana Mahfoudh, Mkuu wa Gereza,

Assalaam alaykum. Baada ya kukutakia siha njema wewe na nyumba yako yote, nnakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu juzi nilikusikia ukimfokea dereva wako, na Kiswahili kile ni cha Unguja mjini, hakijifichi. Mimi ni Sleyum bin Amur wa Bawshar, niliyefungwa miezi mitatu kwa kukigonga kwa gari kibao cha serikali cha barabarani kilichochomekwa mbele ya geti langu. Nilikigonga mara mbili, na ya pili nilikusudia. Kwa hilo sina ubishi. Jumatano hii kifungo changu kinakwisha, nami nnakuomba kwa heshima zote usinitoe.

Sababu zangu ni hizi:

1. Siku ya Idd Kubwa mke wangu, Nasriya, alikuja kunitazama. Askari wako, Aws, akamrudisha mlangoni, ati cheti chetu cha ndoa hakithibitishi kitu kwa kuwa kimeandikwa Unguja na si kwa Kiarabu. Miaka thalathini na minne ananivumilia, na huo si ushahidi! Nilimwona kutoka dirishani, amekaa ukingoni mwa barabara na chano chake cha pilau, juani, anajifuta machozi kwa ncha ya buibui. Bwana Mahfoudh, hilo sitalisamehe. Nnataka kumshtaki Aws mahakamani, amtake radhi mke wangu mbele ya hakimu.

2. Karani wako Saeed, mtu mpole sana, akanambia mfungwa hafiki mahakamani mpaka amalize kwanza ngazi zote za malalamiko humu ndani. Ngazi ya kwanza ni kumlalamikia kwa mdomo askari mwenyewe, ndani ya siku tatu. Aws kesho yake alichukua likizo ya siku saba. Nikaulalamikia mlango wake. Saeed akaandika kwamba mlango haukujibu, na ngazi ikahesabiwa.

3. Ngazi ya pili ni fomu, nakala tatu. Mashine ya kutolea nakala iko dukani, nje ya geti. Mfungwa hatoki, kwa hiyo nakala huletwa na jamaa yake siku ya kutazamwa. Jamaa yangu ni Nasriya, na Nasriya haingii mpaka ithibitike kuwa ni mke wangu, na hilo ndilo nnalolalamikia. Loo! Nikaziandika zote tatu kwa mkono. Zikarudishwa, kwa kuwa ya tatu haikufanana na ya kwanza. Nilikuwa nimeshapandwa na hasira, nikaongeza maneno. Nikaziandika upya, ndipo zikapokewa.

4. Ngazi ya tatu ni kamati, siku thelathini, nayo bado imezikalia. Ngazi ya nne ni wewe, siku thelathini nyengine. Mfungwa akitoka kabla ya hapo jalada linafungwa, kwani utaratibu unasema aliyekwisha kutoka hana tena la kulalamikia.

Kwa hiyo nnaomba siku sitini tu. Kama haifai kumwongezea mtu kifungo bila ya kosa, nipe ruhusa nitende dogo. Nimekiona kibao chenu hapo uani, na gari la maji huachwa na ufunguo wake. Hilo nalo likiwa zito, basi nitoe mimi umtie binamu yangu Yaqoob, ayangoje majibu kwa niaba yangu. Amestaafu, hana shughuli, na kitanda namba 9 kiko chini ya feni. Sijamwuliza, lakini si mtu wa kukataa.

Usidhani nnapenda kukaa humu. Nimemkumbuka Nasriya mpaka nimeyakumbuka na magombezi yake. Lakini kila nikimkumbuka nnamwona pale ukingoni na chano chake, na moyo unaniuma, nnasema sitoki mpaka mtu amtake radhi.

Nisalimie bibi nyumbani kwako na watoto, na Saeed, na wapishi wote. Na Aws pia, salamu fupi.

Nnaebakia kwako, kwa kila maana ya kubakia,
Sleyum bin Amur

Nyongeza: Nilikuwa nnaitafutia barua hii bahasha, Nasriya akaingia! Cheti kimeshatafsiriwa. Nikamsomea yote haya, nikidhani atafurahi. Hakufurahi. Kumbe Aws likizo yake ile alikwenda mpaka Bawshar, yeye na mama yake, kumtaka radhi Nasriya, wakala pilau pamoja, wakasameheana zamani. Nasriya hakuweza kuniambia kwa sababu haruhusiwi kuingia, na Aws hakuweza kuniambia kwa sababu askari haruhusiwi kusema na mfungwa aliyemlalamikia. Basi barua hii usiisome. Lakini Saeed keshaiandika daftarini, na anasema kuiondoa kuna fomu yake, nakala tatu, siku thelathini. Nasriya ameichukua fomu kwenda kuitoa nakala dukani mwenyewe. Jumatano asubuhi atakuwa getini na gari, na nisipotoka, Bwana Mahfoudh, ngazi ya kwanza ni kulalamikiwa kwa mdomo, na mdomo wenyewe utakuwa wake.