Pointi za Chumba chenye Bafu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimekuwa babu! Binti yetu Greta amejifungua salama huko Sacramento, mtoto wa kike, ratili saba kasorobo. Nimelia kidogo. Mke wangu Marlys amelia mpaka mbwa wa jirani akaitikia.

Tutaondoka hapa Galesburg tarehe 18 kwa treni, siku mbili njiani. Marlys hapandi ndege hata umfunge kamba. Nami, kwa furaha, nimetangaza: safari hii tunalala chumba kikubwa! Kitanda kipana, choo chetu, bafu letu. Si vile vichumba vya vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, choo mwisho wa ujia. Magoti ya Marlys hayawezi ngazi.

Tena kuna ahadi ya zamani. Fungate yetu, mwaka 1986, tulikwenda Denver tumekaa vitini usiku kucha. Alishuka shingo imepinda kama bata anayesikiliza redio. Nikamwahidi kitanda. Imepita miaka thelathini na tisa.

Sitoi hata dola. Nitalipa kwa pointi, zile ambazo kampuni ya treni huwapa wanachama wake kila wanaposafiri. Chumba kikubwa ni pointi 78,000. Ninazo 71,300. Na chumba chenyewe kimebaki kimoja tu.

Duane, kaka yake Marlys, amepiga simu kutupongeza. Dakika moja ya mtoto, dakika ishirini za kadi yake ya daraja la juu. Amesema anaweza kunigawia pointi zinazopungua, "ukiniomba vizuri, shemeji." Nimesema asante, sina shida. Heri nimwombe mbwa wa jirani.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua siri! Kila safari, hata iwe fupi kama ya kwenda chooni, huleta pointi mia moja. Kewanee ni nusu saa kutoka hapa. Kwenda mia, kurudi mia. Wajinga wanasafiri mbali bure!

Nimemwambia Marlys kwamba nakwenda kwa daktari wa meno. Nikafika Kewanee saa tatu asubuhi, kifua mbele. Treni ya kurudi ikakwama nyuma ya treni ya mizigo. Kwa saa tano nzima! Kituoni hakuna mtu wala moto. Nikakimbilia mgahawa ulio karibu, nikala vipande vitatu vya pai ya tufaha ili nisifukuzwe. Mwenye mgahawa, mama mmoja mnene mwenye miwani, akauliza nimefuata nini Kewanee. Nikamwambia nimekuja ili nirudi. Akanitazama, akanijazia kahawa, asiniulize tena.

Nimefika nyumbani jioni nimeganda. Marlys akauliza jino vipi. Nikasema limeng'olewa. Akanipa pole nyingi, akanipikia uji. Yeye akala kuku wa kuoka mbele yangu. Akasema ngozi imekauka vizuri, inalia kwa meno, pole sana mume wangu.

Pointi: 71,500.

Jumamosi, 8 Machi

Sina haja tena ya Kewanee. Duka kubwa la barabara kuu limeungana na kampuni ya treni: katoni moja ya chakula cha paka, pointi mia tano! Nimechukua katoni kumi na tatu. Mwanamke wa malipo akasema lazima nina paka wengi. Nikasema wanatosha.

Hatuna paka.

Nimezishusha chumba cha chini ya nyumba Marlys akiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mgongo unaniuma. Kisha nikasoma yale maandishi madogo kwenye risiti. Pointi zitaingia baada ya wiki sita.

Wiki sita! Mtoto atakuwa anacheka.

Baadaye Marlys ameshuka kuchukua jamu. Amekaa huko muda mrefu kuliko jamu inavyohitaji. Akapanda polepole, akaweka chupa mezani, akaniuliza kwa upole kama tuna paka. Nikasema bado.

Jumatano, 12 Machi

Msiba! Nimefungua kompyuta asubuhi hii, na chumba hakipo. Kimechukuliwa. Jana kilikuwepo wakati wa kifungua kinywa, nilikiangalia mwenyewe.

Nikashikwa na wazimu, nikachukua kichumba kidogo cha mwisho kabla nacho hakijatoweka. Pointi 52,000, hazirudishwi. Vitanda viwili, juu na chini. Ngazi.

Namjua mwizi. Juzi tu Duane alipiga simu kuuliza tunasafiri tarehe ngapi. Nani anauliza tarehe kwa wema? Ameninyang'anya chumba kwa pointi zake ili anitazame nikiaibika. Ana roho ya fisi yule, tena fisi mwenye kadi.

Sijamwambia Marlys. Kila anapopanda kutoka chini nayasikia magoti yake yanavyolia, kila moja na sauti yake.

Jumapili, 16 Machi

Chakula cha mchana kwa Duane. Nyama ya nguruwe, viazi, na Duane. Nilitafuna tu mpaka alipoanza kusifu sebule ya wanachama wa daraja la juu pale stesheni ya Chicago, jinsi karanga zake zilivyo za bure. Nikasimama, uma mkononi. Nikamwita mwizi wa vyumba. Nikasema amemnyima dada yake mwenyewe kitanda, na kama ana haya akirudishe mbele ya nyama hii.

Duane akabaki mdomo wazi, kiazi kikionekana. Mkewe Arlette alikuwa jikoni, akauliza kwa sauti nani amekufa.

Marlys akaweka glasi yake chini. "Kaa, Orville. Chumba nimekichukua mimi."

Nikakaa. Kumbe mke wangu ni mwanachama kwa miaka kumi na mmoja! Zile safari zote za kwenda Chicago kwa dada yake. Ana pointi 96,000, na hajawahi kuzitaja. Nikamuuliza kwa nini aliniacha nihangaike.

"Nilitaka nione utafika wapi," akasema. "Ulipong'oa jino nilicheka wiki nzima. Ulipoleta chakula cha paka, nikaona bora niwahi kabla hujanunua paka."

Duane alicheka mpaka akaondoka mezani. Nimemwomba radhi. Nimemwomba mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Arlette alikuwa bado jikoni na Duane akasema haihesabiki.

Nikakiri pia kuhusu kichumba nilichokwisha kukilipia. Marlys akasema vizuri sana, kwa kuwa ninakoroma, nitakoromea huko.

Njiani kurudi, ndani ya gari, alinishika mkono. Akasema shingo ilipona siku ile ile tuliyofika Denver, lakini aliipenda ile ahadi, hakutaka inishinde. Nikapita taa nyekundu.

Jumatano, 19 Machi, ndani ya treni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umechubuka.

Kichumba changu kina vitanda viwili, na vyote nimevilipia. Ukigawanya, kila kimoja pointi 26,000. Nililala cha chini mpaka alfajiri, nikafikiria kile cha juu kinavyopotea bure. Kulipopambazuka nikapanda kwenda kukitumia. Ule wavu wa kumzuia mtu asianguke ukaninasa mkanda wa suruali ya kulalia. Mguu mmoja juu, mmoja unaning'inia, uso ukutani.

Bwana Lucius, mhudumu wa behewa letu, alipita na kahawa. Mtu wa heshima, nywele zote nyeupe. Akasimama, akauliza, "Bwana Haglund, unapanda au unashuka?"

Nikamwambia sijaamua.

Akaenda kumwita Marlys. Akaja ananukia sabuni, nywele mbichi, ametoka bafuni kwake. Akanitazama vizuri. Akamwambia Lucius aniache nimalize nilichoanza, yeye anawahi kifungua kinywa. Lucius alinifungua baada ya kuzunguka behewa zima akimimina kahawa, na kila abiria aliyempa kikombe alikuja kunitazama.

Baada ya Denver, Marlys alinikaribisha chumbani kwake. Dirisha kubwa, milima yote theluji, mto chini kabisa. Akaweka miguu yake mapajani mwangu. Akasema tangu jana magoti hayajamuuma hata mara moja. Nikageuka kutazama milima. Jua lilikuwa kali, machozi yakanitoka.

Jumamosi, 22 Machi, Sacramento

Nimempakata! Anaitwa Linnea. Ana kidevu cha Marlys na, kwa bahati mbaya, masikio yangu. Alikamata kidole changu akakataa kukiachia, nikakaa saa nzima bila kuthubutu kujikuna pua.

Marlys amemsimulia Greta na mumewe Everardo kila kitu, tangu jino hadi wavu. Wamecheka mpaka mtoto akaamka. Mimi pia nimecheka. Nikasimama sebuleni, mkono kifuani, nikaapa mbele ya familia nzima: nimeachana na pointi. Mtu mzima hapaswi kuhangaika na tarakimu. Marlys alinibusu shavuni. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Saa tano Everardo alinituma kutupa takataka. Ndani ya mfuko kulikuwa na pakiti tupu ya nepi, na ndani ya pakiti, namba ya siri. Kila namba ni pointi hamsini! Pointi elfu tatu, unapewa kigari cha mtoto! Wazazi hawa wanatupa utajiri!

Nimeokota pakiti nne. Nimejiandikisha. Nimemhesabia Linnea nepi zake: tisa kwa siku. Ni chache mno kwa mtoto mwenye afya.

Nimemwambia Greta naona mtoto ana njaa, amnyonyeshe tena.