Sigara Nimeacha, Suti Imenikataa

Jumatatu, 3 Juni
Wiki ya sita bila sigara! Mchumba alisema wazi: nikinuka moshi siku ya harusi, anarudi kwao. Harusi ni Jumamosi. Nimeshinda tayari. Suti nilijishonea siku ileile niliyoacha, ikanikaa barabara. Hata kile kitambaa cha akiba ambacho mafundi huacha ndani ya mshono, nilikikata chote. Akiba ni ya waoga. Fundi jirani, Mzee Pindo, aliguna. Wivu.

Jumanne, 4 Juni
Nimejaribu suti. Suruali imegoma mapajani. Koti halifungiki! Bila shaka kitambaa kimesinyaa kabatini.
Shemeji, mdogo wa mchumba, ni muuguzi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Eti sigara ilikuwa inanikata njaa na kuufanya mwili uchome chakula haraka. Sasa njaa imerudi, ulimi unaonja vizuri, na mdomo umekosa kazi. Nitembee, nitafune karoti. Nikamwambia mimi sili kitu. Akanyooshea kidole maganda ya karanga chini ya cherehani. Karanga si chakula! Ni za kuushughulisha mdomo.

Jumatano, 5 Juni
Mbinu: sigara moja tu, ya kunikondesha. Dawa, si starehe. Nikajificha nyuma ya duka na kiberiti. Kabla sijawasha, nikamwona mchumba akilini, kabeba begi lake. Nampenda mno yule mwanamke. Nikaivunja sigara, nikala mkate mzima kwa uchungu.

Alhamisi, 6 Juni
Mbinu bora zaidi: kulikaza tumbo kwa shuka, kisha suti juu. Nilipendeza! Nikainama kuokota sindano. Mishono ya koti ubavuni ikapasuka yote, na ndani hakuna hata uzi wa kuiongezea.
Nikaenda kwa Mzee Pindo. Kumbe ana kipande cha kitambaa kilekile. Nikamwambia suti ni ya mteja fulani mnene. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akanipima mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeoa! Viraka viwili ubavuni, havionekani nikibana mikono. Nimebana mikono kutwa nzima, hata wakati wa kula. Mke wangu alininusa shingoni mbele ya ukumbi mzima, akatokwa na machozi ya furaha. Nami nililia. Kidogo.

Jumatatu, 10 Juni
Baba mkwe ameacha sigara leo, kwa kuniiga mimi! Amekuja kushonewa suruali na kuomba ushauri. Aliuliza kama atanenepa. Nikamwambia huo ni uzushi wa wauguzi. Mimi nilivimba kwa wasiwasi wa harusi tu. Moshi ukitoka, mwili lazima upungue. Akaridhika, akaondoka akitafuna biskuti. Suruali yake nimeshaikata, ndogo kwa inchi mbili, ili akishakonda asije kunisumbua.