Matusi Kumi na Moja Yaliyoidhinishwa

Jumatatu, 3 Juni. Suva. Mvua.

Dakta Urmila, msimamizi wangu, ameniita ofisini. Hakunikaribisha kiti. Amenikumbusha kwamba shahada ya uzamili ni ya miaka miwili na kwamba mimi niko katika wa nne. Nikamweleza kwamba hekima haiendeshwi kwa kalenda. Akasema kamati ya idara inaendeshwa kwa kalenda, na itakaa Ijumaa saa nne asubuhi. Nikifika na washiriki thelathini waliopimwa, nitaruhusiwa kuandika tasnifu. Nisipofika nao, utafiti unafungwa, nami nirudi kijijini Nasorolevu nikapalilie magimbi ya baba.

Ninao wanne. Mmoja wao ni mimi.

Na utafiti wenyewe ni wa fahari! Nadharia tete yangu: mtu akitukanwa, shinikizo la damu hupanda. Unampima, unamtukana, unampima tena. Nani angeweza kushindwa na kazi hiyo? Mimi. Kamati ya maadili ilipokea matusi yangu ishirini na matano, ikafuta kumi na manne, yakiwemo yote yaliyomgusa mama. Yamebaki kumi na moja yenye mhuri, nayo ni matusi ambayo ungeweza kumwandikia mchungaji kwenye kadi ya Krismasi.

Leo sokoni nilimsomea mama mmoja muuza magimbi tusi nambari nne: "Magimbi yako hayaivi." Aliniomba radhi. Kisha akanifungia fungu jingine zima bure, nikajionee kama hili litaiva. Presha yake haikusogea hata nukta moja. Yangu sikuipima.

Ninatoka sokoni, huyo Netani! Mwanafunzi mwenzangu wa idara, mtu wa Waibula, anayechunguza usingizi na ambaye, tuseme haki, hulala vizuri. Watu wa Waibula na sisi wa Nasorolevu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akitamani ulicho nacho, anachukua. Huwezi kukataa. Wala huwezi kununa. Ukinuna umekiaibisha kijiji kizima. Netani akautazama mwavuli wangu, akasema, "Mtani, kitu hiki kinakuzuia kuoga," akaondoka nao.

Nimefika nyumbani nimeoga.

Jumanne, 4 Juni. Mvua bado.

Nimelipiza. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Saa saba mchana nilikuta juu ya meza ya Netani bakuli lenye kifuniko: samaki wa tui la nazi, magimbi, pilipili pembeni. Nikasimama. Nikatangaza mbele ya mashahidi sita kwamba ninachukua chakula hiki kwa haki ya utani, haki ambayo ni kongwe kuliko chuo hiki. Nikala chote. Netani alinitazama kwa upole mkubwa.

Ladha niliifahamu. Kifuniko nacho nilikifahamu. Kilikuwa na jina la Shangazi Vilomena, ninayeishi kwake huku Raiwaqa. Netani alikuwa amelitoa bakuli begini mwangu saa tatu asubuhi.

Nimeiba chakula changu mwenyewe, tena kwa hotuba.

Jioni Shangazi alikuwa akisuka mkeka na kunisuta. Amesema msomi asiyejua mtani wake ni nani ni sawa na mbwa aliyeingia kanisani: anaona watu, haoni ibada. Kisha akaingia katika hadithi ndefu ya watu wa Naqaralevu, upande wa bibi mzaa baba, na ng'ombe wetu waliyemchukua katikati ya harusi, tayari kavishwa utepe, na hakuna aliyenuna. Nilikuwa nasoma kuhusu Wayunani. Ng'ombe wa harusi atanisaidia nini Ijumaa?

Jumatano, 5 Juni. Mvua, na jua la kunidhihaki.

Sokoni tena. Nimetukana watu watatu. Wawili wamenishukuru kwa ushauri. Wa tatu amenialika chai, na katikati ya chai hiyo nikaona haya kumpima. Siku mbili zimebaki.

Ndipo Netani akaja mezani kwangu, chini ya mwavuli wangu, ndani ya jengo. Ameniambia kesho saa kumi alasiri watu wa Waibula waishio mjini watakutana katika ukumbi wa kanisa kule Nabua. Hawapungui thelathini. Nije na mashine ya presha. Nikamwonya kwamba nitawatukana mmoja mmoja. Akasema, "Njoo, mtani. Ila uje umeshiba."

Mpango umezaliwa! Nitautukana ukoo wa Netani thelathini kwa mpigo, kwa idhini ya kamati, mhuri juu. Wao watachemka, mimi nitapata shahada. Sayansi na kisasi katika tendo moja! Nimetembea barazani mara nne kwa furaha, na mara ya nne nimegonga mlango wa kioo.

Salaseini, mtunza stoo wa maabara, aliponisainisha mashine aliniuliza kama ninakumbuka kwamba hao ni watani zangu. Nikamjibu kwamba utani ni mambo ya wasiosoma. Tusi likiidhinishwa, likasomwa kwa sauti isiyopanda wala kushuka, huwa kichocheo cha kisayansi. Akaniambia, "Sawa, kaka. Mashine irudi. Wewe, tutaona."

Alhamisi, 6 Juni.

Ninaandika nikiwa pekupeku. Nitaeleza.

Walikuwa wameketi mikekani, bakuli kubwa la yaqona, kinywaji cha mizizi cha kwetu visiwani, katikati. Nilijitambulisha kama mwanasayansi. Wa kwanza kukunja mkono wa nguo alikuwa Bibi Laniana, umri juu ya sabini, presha 152. Nikamsomea nambari moja, kwa sauti isiyopanda wala kushuka: "Umevaa vibaya leo."

Bibi akaitazama nguo yake, akanitazama mimi.

Kisha ukumbi ukalipuka. Bibi akauliza kama huyu ndiye yule wa Nasorolevu, wale wala popo. Akaambiwa ndiye. Akasema amevaa vibaya kwa heshima yangu, maana alisikia ninakuja na hakutaka kunipita. Nikampima tena. 131.

Nikasema huyu ni mzee, mishipa imechoka. Nikamgeukia kijana mwenye shingo ya fahali. Nambari saba: "Timu yenu ya raga hucheza kama maharusi." Akajibu, "Na yenu kama wakwe, inakaa pembeni kulalamika!" Imeshuka. Nambari nne, ile ya magimbi kutoiva? Wakasema yanangoja kuni ambazo babu yangu aliondoka nazo. Imeshuka. Kufikia mshiriki wa kumi walikuwa wamepanga foleni kuja kutukanwa. Kufikia wa ishirini walianza kulalamika kwamba matusi hayana chumvi. Mama mmoja alidai asomewe yale kumi na manne yaliyofutwa. Alisema kamati ya maadili imemdhulumu.

Watu thelathini. Wote thelathini wameshuka! Na kila aliyemaliza kupimwa alichukua haki yake: kalamu, saa, koti, miwani yangu ya akiba. Bibi Laniana alivinyooshea kidole viatu vyangu. "Mtani, hivi vinaona aibu kuandamana na wewe. Lete nivipumzishe."

Kisha Netani akaichukua mashine yenyewe, akanifunga mimi mkanda. 118. Bibi akawaeleza watu kwamba sisi wa Nasorolevu tukiombea chakula hufumba jicho moja, lingine hulinda nyama. Na kwamba mimi nimesoma mpaka hili linalolinda nyama nalo limefumba. Nilicheka. Nadhani nilicheka. Mashine ikasema 166. Walishangilia kama vile timu ya taifa imefunga.

Nimemwandika daftarini: mshiriki wa thelathini na moja, ameondolewa kwa sababu za kitaalamu.

Ijumaa, 7 Juni.

Nimeingia mbele ya kamati na kandambili za Shangazi, za rangi ya waridi.

Dakta Urmila alizipitia karatasi zangu mara mbili. Akatabasamu. Miaka minne, sikujua ana meno! Akasema watu thelathini, wote wameshuka, wastani alama kumi na nne. Akasema nilikwenda kutafuta kitu kimoja nikakanyaga kingine kilicho bora: utani hushusha presha. Andika, Kaliova, akasema. Anza leo.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema asante, akaketi.

Nilisimama. Nilisema nadharia yangu inadai presha hupanda, na takwimu zinapogombana na nadharia, kwanza zihojiwe takwimu. Nikatoa hoja tisa. Kwamba mtani si mshiriki halali. Kwamba kicheko kimeichafua sampuli. (Jumatano nilimwambia Salaseini utani si kitu; leo nilisema ni sumu kali. Hakuwepo, namshukuru Mungu.) Niliwataja Wayunani, nikapitia kwa Wajerumani, nikarudi kwa Wayunani. Dakika arobaini! Sijawahi kuwa fasaha namna ile. Mwenyekiti akauliza kama ninamaanisha kwamba takwimu hizi hazifai. Nikasema hazifai. Akauliza kama basi zitupwe. Zitupwe! Nikapiga meza, kandambili moja ikachomoka. Wajumbe wote wakainua mikono. Dakta Urmila aliinua mmoja. Wa pili alijifunikia uso.

Nimeshinda mjadala.

Nilikuwa nimefika mlangoni nilipotambua kwamba niliyemshinda ni mimi, na kwamba sina tasnifu.

Netani, aliyekuwa nje akingoja zamu yake, alichungulia ndani, akaelekeza kidole kwenye pipa la taka. "Mtani, hizo nazitaka." Akazibeba zote. Huwezi kukataa. Huwezi kununa. Nimenuna kwa siri mpaka Raiwaqa.

Jumapili, 9 Juni.

Sikwenda kanisani. Nilikuwa ninaangalia picha za mashamba ya magimbi.

Netani amekuja baada ya ibada. Ameleta viatu vyangu, vimepigwa rangi vikang'aa, na karatasi zangu zote, zimenyooshwa. Amekula kwa Shangazi sahani mbili. Kisha amesema hakuzichukua aziandike yeye. Alizichukua kwa sababu kitu alichokitwaa mtani hakiwezi tena kutupwa na kamati. Amekwisha kuzungumza na Dakta Urmila, naye Dakta amezungumza na mwenyekiti. Takwimu zangu, jina langu, tasnifu yangu. Mwisho wa mwezi iwe mezani, isipokuwepo ndiyo basi. "Andika tu kilichotokea. Usibishane nacho, mtani." Akaongeza kwamba Bibi Laniana anauliza lini nitarudi kumtukana, tangu Alhamisi analala kama mtoto.

Nilitaka kumshukuru. Neno lilifika kooni, likakutana na hoja, likarudi. Badala yake nikamuuliza kwa nini mwavuli hakuurudisha.

Amesema mvua bado inanyesha.

Jumatatu, 10 Juni.

Nimeketi kuandika. "Utani hushusha presha." Nikaikata sentensi. Nikaiandika tena. Nikaikata tena. Je, msomi aandike jambo kwa sababu tu limetokea?

Saa tano, mwanga! Kabla ya kuandika neno, jaribio moja dogo la uthibitisho. Washiriki wapya, watu wasio na utani na sisi hata chembe, watu wakali. Hao watachemka, nadharia yangu itafufuka, na Dakta Urmila ataniomba radhi kwa maandishi. Zikibaki siku kumi za kuandika, zinatosha. Wayunani waliandika kwa haraka zaidi.

Nimekwisha kuwapata. Watu wa Naqaralevu wana harusi Jumamosi, hapo Lami. Nimempigia mjomba wa bwana harusi kuomba ruhusa ya kuja kuwatukana wageni. Aliuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia. Akakubali papo hapo, kwa uchangamfu usio wa kawaida, akasisitiza nifike mapema, nivae nguo zangu nzuri kabisa, na kama nina simu, nisiiache nyumbani.

Mashine nimeiazima tena. Nimejipima kuijaribu: 171. Ni mbovu, lakini nitaitumia hivyo hivyo.

Shangazi, nilipomweleza mpango huu, aliuacha mkeka, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi aliniuliza kama nina viatu vya akiba.

Nimemjibu kwamba vya nini, hivi vimepigwa rangi juzi tu.