Rafu ya Majoka na Mihuri Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Msiba! Mkutubi wa maktaba yetu ya mtaa anataka kuiondoa rafu yangu.

Naiita yangu kwa sababu hakuna mwingine anayeigusa. Iko kwenye kona, jirani na mlango wa choo. Vitabu arobaini: majoka, vyombo vya anga, falme zilizo chini ya bahari, watu wanaokwenda jana na kurudi keshokutwa. Humo mna juzuu zote sita za *Walinzi wa Nyota ya Chumvi*. Juzuu ya nne nimeisoma mara tisa. Mke wangu anasema hata kiapo cha ndoa sijakisoma hivyo.

Mkutubi ni mtu wa haki kama mizani, na kama mizani hacheki. Anasema kitabu kisichoazimwa ni mzoga. Mizoga inapelekwa kiwandani, inasagwa, inageuzwa trei za mayai. Malkia wa Chumvi, aliyeshinda vita vitatu akiwa mjamzito, aje kuwa kitanda cha mayai! Nilishika meza.

Nikamkumbusha kwamba mwaka huu pekee nimeazima mara thelathini na mbili. Akaniangalia kwa upole ule unaouma, akasema, babu yangu, msomaji mmoja si wasomaji.

Najua nani yuko nyuma ya hili. Mkaguzi! Mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa umri wangu, suruali ina mkunjo hata akiwa amekaa. Ameitolea maktaba vitabu vyake hamsini, vyote maisha ya wakubwa: akazaliwa, akasoma, akahutubia, akafa. Anataka vikae kwenye rafu yangu. Mbele za watu amesema majoka ni hadithi za wazee waliokataa kukua. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini macho hayakuacha.

Sharti la Mkutubi: ifikapo Ijumaa tarehe 14, saa kumi jioni, vitabu ishirini vya rafu ile viwe vimeazimwa na watu wengine na kupigwa muhuri. La sivyo, mayai.

Siku kumi na moja. Hanijui huyu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Mwepesi, wa kitaalamu. Nilikusanya kadi za maktaba za watu walio karibu: ya Kinyozi (meza yangu ya kutengeneza saa iko barazani kwake), ya Mama Cherehani, fundi wa nguo wa mlango wa pili, na ya mke wangu. Nikavaa kofia ya Kinyozi, nikaenda kuazima vitabu sita.

Mkutubi akasoma kadi ya pili. Akauliza kama mimi ndiye Mama Cherehani. Nikasema leo mwanga hafifu. Akazichukua kadi zote, hata yangu, akasema wenyewe wazifuate zao.

Si kushindwa. Ni upelelezi. Sasa najua lazima waje na miguu yao.

Jumatano, 5 Machi

Kila samaki na chambo chake! Nimekuwa mjinga kuwaambia watu miaka yote hii kwamba vitabu hivi vinapanua akili. Nani anataka kupanuliwa? Kila mtu ana kinachomwasha, nawe mkune hapo hapo.

Kinyozi ana upara. Kinyozi mwenye upara ni kama mpishi mwenye kiungulia: kazi inamfanyia dhihaka. Nikamnong'oneza kwamba *Joka Lililokataa Dhahabu*, sura ya tisa, kuna dawa ya kuotesha nywele. Akaacha mteja nusu kichwa.

Mama Cherehani nikamvisha kilemba cha ukoka: mikono kama yake haipatikani, lakini mishono yake imezoeleka. Nikamwambia *Mji Chini ya Majani*, ukurasa wa themanini na nane, kuna vipimo kamili vya magauni ya malkia. Akafunga mlango, akaenda na utepe wa kupimia shingoni.

Kila mmoja alichukua viwili. Mihuri minne! Ni uongo, ndiyo. Lakini uongo wa kumpeleka mtu maktaba si kama uongo wa kumtoa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ni siku ya tamthilia ya *Nyota ya Chumvi* kwenye televisheni ya Kinyozi. Baraza limejaa. Mimi huitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikipakwa rangi na wageni.

Niandike yanayonichoma. Kwenye kitabu, Nahodha ana jicho moja. Kwenye televisheni ana mawili, kwa sababu mwigizaji ana macho mazuri. Joka lao linafanana na mwavuli uliolowa. Kitabuni joka lina ukubwa wa woga wako mwenyewe, na hakuna fundi wa kamera anayeweza kulifikia. Halafu saa ya kwenye chombo chao cha anga inapiga tik-tik, wakati imeandikwa kwamba inaendeshwa kwa mwanga! Mimi ni fundi saa. Safari za wakati ni kazi yangu. Hawakuniuliza.

Tangazo lilipoingia nikapata wazo. Nikashusha sauti, nikasema kitabuni kuna mambo ambayo televisheni imekatazwa kuyaonyesha. Wakauliza mambo gani. Nikatikisa kichwa: mimi mzee, siwezi kuyatamka mbele ya wembe.

Wateja watano walitoka kwenye foleni. Mmoja akiwa na povu la sabuni kidevuni. Watano na vitabu vyao vitano. Tisa!

Jumamosi, 8 Machi

Kinyozi amemaliza *Joka*. Alinikalisha kwenye kiti chake, akanifunga kitambaa, akaweka wembe chini ya kidevu changu. Kisha akaniarifu, taratibu, kwamba sura ya tisa haina dawa yoyote ya nywele. Tena joka lenyewe lina upara.

Nilitulia kama maji ya mtungini.

Akasema ameudhika sana. Akasema nimemfanya mtoto. Akasema hata hivyo, lile joka lilipowarudishia wanakijiji dhahabu yao na wao wakalirushia mawe, yeye alilazimika kumwambia mteja kwamba ni sabuni imemwingia machoni. Akauliza kama kuna sehemu ya pili. Nikasema ipo, ila aondoe wembe kwanza.

Mama Cherehani naye akapita na mkasi mkononi. Ukurasa wa themanini na nane hauna gauni hata moja, kuna bwana anayemezwa na mmea. Akanitusi mimi, ukoo wangu na saa zangu. Kisha akauliza, yule bwana anatoka? Anayo harusi ya kushonea Jumapili, na hawezi kukata kitambaa kabla hajajua kama anatoka.

Sikumwambia. Ningekuwa mwendawazimu.

Jumatatu, 10 Machi

Ilibaki ngome kubwa: mke wangu. Miaka arobaini na mitatu nikimwomba asome hata ukurasa mmoja. Huangalia Malkia wa Chumvi kwenye televisheni na kumwita yule dada, basi.

Kumwomba hakufai. Kumdanganya hakuwezekani, ananijua kama anavyojua sufuria zake. Nikabadilisha mbinu. Wenzake saba wa kufuma walikuwa sebuleni, sindano zinakwenda. Nikapita, nikasimama, nikatamka kwa sauti ya babu wa ukoo kwamba vitabu vya anga si vya wanawake. Ubongo wa mwanamke, nikasema, haubebi sayari zaidi ya moja.

Sindano zikasimama zote kwa pamoja.

Mke wangu akauliza nani alihesabu miezi ya mimba zake zote sita bila kalenda. Mwenzake mnene akauliza nani fundi saa ambaye saa ya ukutani kwake imekufa tangu mvua zilizopita. Yakafuata mengine ambayo sitayaandika, kwa heshima yangu.

Walikwenda kwa mstari mmoja kama jeshi. Saba wa kufuma, kitabu kimoja kimoja. Mke wangu vitatu. Mkutubi akamwambia mwisho viwili, akabishana, akatoka na vitatu. Sijui kafanyaje. Mimi nilinyang'anywa kadi!

Tisa na kumi: kumi na tisa! Nilicheza peke yangu jikoni.

Dosari ndogo: kimoja cha vile vitatu ni juzuu ya nne. Yangu.

Jumatano, 12 Machi

Kimoja tu kinakosekana, na mtaa umekauka. Nimemjaribu seremala, hasomi kisicho na vipimo. Nimemjaribu muuza dawa. Anasema anajua tayari watu wanavyokufa. Nimemjaribu msoma mita za maji. Anasema kusoma mita kunamtosha.

Na Mkaguzi amenusa. Amewahoji Kinyozi na Mama Cherehani, akaandika shtaka dhidi yangu kwenye karatasi ya mistari, hoja saba, kila moja imepigiwa mstari kwa rula. Ulaghai. Uongo kuhusu nywele. Dharau kwa akina mama. Anataka mihuri yote kumi na tisa ifutwe.

Mkutubi amesema atatusikiliza wote wawili Ijumaa, saa tisa na nusu. Maji ya shingo. Nilipomweleza mke wangu kwamba huenda rafu ikaondoka, hakuinua macho. Alikuwa ukurasa wa sitini wa juzuu ya nne. Akasema tu nisimzibie taa.

Ijumaa, 14 Machi

Ushindi! Ushindi! Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Saa tisa na nusu, maktaba imejaa kama siku ya matokeo ya mtihani. Mkaguzi akasimama, amevaa suti. Akasoma hoja zake saba kwa sauti ya ukaguzi. Nilipoulizwa kama ni kweli nilidanganya kuhusu nywele, nikasema ni kweli. Kuhusu magauni? Kweli. Kuhusu sayari na ubongo? Mke wangu alikuwa safu ya mbele. Nikasema hiyo nimeifuta.

Mkutubi akawageukia walalamikaji. Je, wanataka mihuri yao ifutwe? Kinyozi akasema dai lake la nywele liko pale pale, lakini atakayegusa rafu ile atanyolewa bila maji. Mama Cherehani akasema yule bwana alitoka kwenye mmea, akiwa hai! Mwenzake mnene wa mke wangu akapiga kelele kwamba yeye hajafika hapo, kwa nini anaambiwa? Wakaanza kugombana. Mtu akasema televisheni inasimulia vizuri zaidi, akazomewa na watu wanane. Mkutubi alipiga meza kwa muhuri wake mara tatu.

Kisha akahesabu. Kumi na tisa. Akahesabu tena. Kumi na tisa. Akasema anasikitika, sharti ni sharti. Akanitazama, na nilimwona anasikitika kweli. Nilimfikiria Malkia kwenye trei.

Lakini Mkaguzi hakujua kunyamaza. Alikuwa ameshinda, angekaa. Hapana! Akataka kuonyesha umati upuuzi wenyewe kwa ushahidi. Akatoa mkobani *Mfalme Aliyeuza Kivuli Chake*, amekipigia mistari kwa penseli kila palipo na ujinga. Akasoma mstari wa kwanza. Wa pili.

Mkutubi akanyoosha mkono, akakiomba. Akafungua nyuma ya jalada. Akasoma tarehe: Jumanne, 11 Machi. Akamuuliza kama muhuri huu ni wake. Akasema ndiyo, alikiazima kwa kufuata utaratibu, yeye si mtu wa kughushi kadi. Msaidizi wa zamu ndiye aliyemhudumia, na orodha ya Jumanne ilikuwa bado haijajumlishwa.

Mkutubi akasema: ishirini.

Ukumbi ukalipuka! Mkaguzi kanitolea macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Nami nikakichukua kitabu, nikakipekua. Mistari ya penseli ilikuwa minene hadi ukurasa wa thelathini na moja. Baada ya hapo hakuna mstari hata mmoja. Ila pembe ya ukurasa wa mia mbili na tisa imekunjwa, kama afanyavyo mtu aliyeitwa kula na hataki kupapoteza. Nikamwonyesha ile pembe. Akaninyang'anya kitabu. Akasema bado hajakimaliza.

Mkutubi akanirudishia kadi yangu. Na nadhani, siapi, alicheka.

Jumatano, 19 Machi

Rafu imehamishwa. Sasa iko mlangoni, mahali pa heshima, na vitabu vya maisha ya wakubwa viko jirani na choo.

Leo nimekwenda kuchukua juzuu ya nne. Imetoka. Mke wangu ameongeza wiki mbili. Anasoma akisogeza midomo, na ameapa nikimdokezea mwisho nitapika mwenyewe hadi nife. Baada yake yuko Kinyozi. Kisha Mama Cherehani. Kisha wafumaji watatu. Kisha Mkaguzi! Mkaguzi yuko mbele yangu kwenye foleni ya Malkia wangu! Mimi ni wa nane. Nimezoea kujichagulia kama mtu aliye shambani kwake. Leo nimekuta rafu ina vitabu vitano tu, na vyote nimevisoma.

Nimekaa, nimefikiri, nimecheka peke yangu. Dawa ninayo.

Kinyozi nitamwambia juzuu ya nne yote ni hesabu. Mama Cherehani, kwamba yule anayempenda anakufa ukurasa wa kumi. Wafumaji, kwamba mimi ndiye niliyependekeza waisome. Mkaguzi nitamwambia ni nzuri sana, yenye mafunzo kwa vijana, hataigusa.

Mwezi mmoja, miwili kwa wingi, na hakuna mtu mtaani atakayesogelea rafu ile. Itatulia kama zamani. Vitabu vyote arobaini, na mimi peke yangu!

Kesho naanza na Kinyozi.