Wateja Kumi na Wanne wa Kudumu

Inatangazwa kwa furaha kwamba tatizo la maegesho katikati ya mji limekwisha. Kamati ya Muda ya Kudumu ya Maegesho na Ufikiaji wa Maduka imelimaliza kwa miezi mitano tu ya vikao, tena bila kutoka ofisini. Kila siku saa tatu asubuhi katibu alichungulia dirishani, akahesabu magari yaliyo mbele ya maduka na kuandika: kumi na manne. Saa sita, kumi na manne. Saa kumi, yale yale. Ikathibitika kitaalamu kwamba maduka yana wateja, na kwamba wateja hao wakishafika hawataki kuondoka.

Barua ya pongezi ilimkuta Mama Magodoro amekaa juu ya bidhaa zake, ameshika tama. Nafasi za kuegesha mtaani zilikuwa hizo hizo kumi na nne. Magari ya mizigo yalishapigwa marufuku na Kamati hiyo hiyo ili yasiwabane wateja. Aliyetaka godoro la futi sita ilibidi alibebe kichwani mpaka kituo cha basi, na wengi, wakishalipapasa na kulisifia, walikumbuka ghafla kwamba la nyumbani bado lina uhai. Wiki tatu hakuuza hata mto. Alikuwa amekwishaamua kulifunga duka mwisho wa mwezi, duka alilolishikilia kwa meno miaka kumi na tisa, na jambo hilo lilimuuma sana.

"Wifi, wanasema tuna wateja wa kudumu kumi na wanne," alimwambia dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akishona foronya mlangoni.

"Wamejificha wapi?"

"Ndiyo nakwenda kuuliza."

Alipokelewa vizuri. Wajumbe kumi na wanne walikuwa wameizunguka meza ndefu, funguo za magari zimelala kando ya vikombe vya chai. Mwenyekiti, bwana mpole mwenye sauti ya kufungulia mikutano, alimvutia kiti yeye mwenyewe.

"Mheshimiwa," alisema Mama Magodoro, "yale magari kumi na manne ni yenu."

Mjumbe mmoja akasukumia funguo zake chini ya sahani, taratibu.

"Mama yangu," alisema Mwenyekiti, "Kamati haiwezi kujichunguza yenyewe. Huo ni mgongano wa maslahi. Kwa hiyo, kiutaratibu, magari hayo yanabaki kuwa ya wateja."

"Wateja wa nani?"

"Wenu."

"Basi waje wanunue."

Hoja ilikuwa nzito. Ikaahirishwa kupisha chai, ikarudi na nguvu mpya. Azimio likapita kwa sauti moja: nafasi zile ni za wateja tu, na kuanzia kesho, gari lisilo na risiti ya siku hiyo kutoka duka la mtaani livutwe, bila kuangalia sura ya mtu. Hayo ya sura aliyaongeza Mwenyekiti mwenyewe, maana yalikaa vizuri mdomoni. Na kwa kuwa magari yalikuwa yamethibitishwa kuwa ya wateja, hakuna mjumbe aliyeona kwamba azimio linamhusu. Walipiga makofi.

Kesho yake, saa sita kasorobo, dereva wa gari la kuvuta, mtu asiye na habari na vyeo, alianza na gari lililokuwa kivulini. Lilikuwa la Mwenyekiti. Lilishakata kona wakati katibu alipochungulia ili ahesabu, akapata kumi na matatu, na kikao kikavunjika bila kufungwa. Wajumbe waliteremka ngazi mbiombio na kuvamia duka la karibu.

"Risiti, mama. Risiti tu."

"Risiti haitoki bila godoro, waheshimiwa. Wifi, watolee yale ya futi sita."

Dereva aliporudi kuchukua la pili, kila mjumbe alikuwa amesimama kando ya gari lake, risiti mkononi, godoro limefungwa juu. Wakaondoka mmoja mmoja. Mtaa ukawa mweupe, na watu waliokuwa wakipita mbali kwa miezi mitano wakaanza kuegesha. Mama Magodoro alijikuta anacheka peke yake, machozi yanamlengalenga. Akaagiza mzigo mpya wa mwezi ujao.

Mwenyekiti alibaki na risiti, godoro na miguu yake.

"Mama yangu, hili niletee nyumbani jioni."

"Kwa gari gani, mheshimiwa? La mizigo haliruhusiwi. Saini ni yako."

Kisha akainama, wifi akamtwisha, naye akatoka. Watu wakampisha njia kwa heshima zote.

Pale kwenye kona akafikiwa na mwanamke aliyetoka kununua mito miwili kwenye duka lile lile.

"Hamali, unaelekea kituoni?"

Mwenyekiti alifungua kinywa ili atoe ufafanuzi, lakini godoro lilikuwa limemfunika mpaka puani, ukatoka mguno.

"Haya, twende," alisema yule mwanamke, akamwekea na mito juu.