Kinga Yangu Dhidi ya Dubu wa Kona ya Juu

Jumatatu, 3 Julai

Nimeaibishwa ndani ya bafu la mvuke. Tena nikiwa uchi, mahali ambapo mtu hana hata mfuko wa kuficha mikono.

Binamu yangu Evan aliniuliza, mbele ya wanaume sita, banda langu la moshi lina samaki wangapi. Nikasema wanatosha. Akasema amepita pale mchana, akachungulia, akaona samoni wanne na buibui. Mzee Wassily alicheka mpaka ndoo ikamponyoka, maji yote yakamwagikia mawe ya moto, mvuke ukatuunguza sote.

Ukweli (naandika hapa tu): ni watatu. Mmoja ni wa mwaka jana.

Kosa si langu! Samaki wa mto huu wamehamia Kona ya Juu, na Kona ya Juu kuna dubu jike mwenye watoto wawili. Wiki mbili sasa wanaume wote wameikimbia. Anayekwenda ni mmoja tu. Matrona, dada mkubwa wa mke wangu. Mjane, miaka sitini na minane, goti moja bovu. Anaondoka asubuhi na boti yake ya bati, anarudi alasiri na samoni wekundu thelathini, ametulia kama mtu aliyetoka dukani kununua chumvi.

Mke wangu Olinka amesema Januari ikifika ataniwekea mezani hadithi zangu, nizile.

Kwa hiyo nimeapa mle mle bafuni: kabla ya Jumapili nitajaza banda langu kwa samaki wa Kona ya Juu. Mzee Wassily akaacha kucheka. Akanionya nisijisifu juu ya dubu, wana masikio. Nikamjibu wasikie tu!

Kinachotakiwa ni kinga. Matrona anayo. Nitaijua.

Jumanne, 4 Julai

Sikukuu ya uhuru. Mashindano ya boti, mikate ya kukaanga, fataki mchana kutwa. Kijiji kizima kiko ukingoni. Siku nzuri ya kuonyesha kitu.

Nimeazima bunduki kubwa ya Evan. Nimesimamisha pipa tupu la mafuta, hatua ishirini. Risasi ya kwanza ilipiga mto. Ya pili sijui ilikwenda wapi, na hakuna aliyejitokeza kulalamika. Ya tatu ilipiga pipa! Sikuliona likianguka. Nilikuwa nimerushwa nyuma, nimekaa ndani ya beseni la akutaq, kitamutamu cha sikukuu, la mke wa padri. Mafuta na matunda ya porini mpaka kiunoni. Watoto wamefurahi kuliko walivyofurahia fataki.

Kisha Matrona akaja. Hakucheka. Aliniambia nianze upya, safari hii bunduki ikiwa begani na samaki mikononi, kama mtu aliye kazini. Akaanza kuhesabu kwa sauti. Nikatupa samaki, nikavua mkanda, ukanasa kwenye kofia, nikatafuta kufuli ya usalama, nikalenga. Alikuwa amefika tisa.

Akasema taratibu, "Shemeji, mwenyeji hakungojei mpaka tisa. Hata tatu hafiki."

Hasemi kamwe "dubu". Husema mwenyeji. Aliitazama bunduki kidogo, akautazama mto, akaenda zake.

Nyumbani Olinka hakunisema kuhusu suruali. Nikajua kuna jambo. Ndipo akanikumbusha: Gerasim, mume wa Matrona, alikuwa na bunduki nzuri kuliko hii. Dubu alipomuua, walimkuta nayo mgongoni, mkanda haujafunguliwa. Miaka kumi na moja sasa.

Walimkuta! Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilishika upande wa miguu. Nimewezaje kusahau? Na mke wake leo amesimama mbele ya watu akinihesabia.



Bunduki, basi. Nimeifuta kwenye orodha ya kinga.

Alhamisi, 6 Julai

Upelelezi! Nimepanda mwamba ulio ng'ambo ya Kona ya Juu, na darubini na mbu wapatao milioni. Nimelala kifudifudi kwa muda wa saa tano. Nimemwona Matrona akifanya kazi mwanzo mpaka mwisho, na lazima niandike, ingawa inaniuma: sijawahi kuona kitu kama kile.

Alizima injini mbali. Hakushuka. Alikaa tu akitazama vichaka, akanusa upepo, akatazama tena. Kisha akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kuamsha mlima. Kuimba hajui hata kidogo! Ila kila aliye vichakani alijua kuna mtu. Ndipo akashuka, kwenye kokoto peupe, mbali na majani marefu. Kila samaki aliyetoka wavuni alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lenye mfuniko. Damu aliiosha hapo hapo. Matumbo aliyatupa katikati ya mto, penye mkondo mkali.

Saa sita dubu walitokea mwisho wa kona. Yule mama ni mkubwa kama banda langu. Mimi, huku ng'ambo, nilikula ukingo wa kofia yangu. Matrona alivuta wavu bila haraka, akaingia kwenye boti, akasogea katikati ya mto, akamimina chai. Saa nzima! Dubu wakala, watoto wakapigana, yeye akinywa chai na kuwatazama kama mtu aliyetembelea jirani. Walipoondoka akarudi, akatupa wavu tena.

Mwanamke gani huyu? Kijiji kizima cha wanaume wenye mabavu, na hakuna mmoja anayejua kungoja hivyo.

Lakini siri nimeipata. Kifuani ana kopo, ndani ya ala ya ngozi. Pilipili ya kupuliza, ya kumfukuza dubu! Wimbo, kokoto, matumbo, hayo ni mazoea ya kizee tu. Kazi inafanywa na kopo.

Ijumaa, 7 Julai

Dukani kwa Nastasia yalikuwa yamebaki makopo mawili. Nimechukua yote, Evan asipate. Nastasia ameniambia nisome maelezo. Nimemwambia nina umri wa miaka hamsini na mitano.

Nilivyofikiri: dawa ya mbu mtu anajipaka, mbu hawaji. Pilipili ya dubu ni hivyo hivyo, kwa mnyama mkubwa zaidi. Nimeipulizia boti yote, ndani na nje. Kiti, makasia, sanduku la samaki. Viatu vyangu vya mpira, mara mbili. Kopo la kwanza likaisha, nikamalizia na la pili.

Kosa dogo: nilifanya kazi hii ndani ya kibanda cha boti, mlango umefungwa.

Nimelia mpaka saa nane. Olinka alikuja mbio akidhani nimepata habari ya msiba. Majirani wawili wamenipa pole. Nimezipokea, kueleza kungechukua muda.

Boti sasa ina rangi ya chungwa. Nzuri sana. Kesho!

Jumamosi, 8 Julai



Nilifika Kona ya Juu asubuhi. Matrona alikuwa ameshatangulia. Pua yake ilinyanyuka nikiwa bado majini. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamweleza, kwa fahari kidogo. Uso wake ukabadilika. Akaniambia nigeuze boti sasa hivi: pilipili ikiwa hewani inafukuza, ikishakauka inanukia kama kitoweo, inawaita. Nikamwambia, kwa heshima zote, shemeji, samaki wote hawa ni wako peke yako?

Nilishusha wavu. Samaki kumi na saba kwa muda mfupi! Nilikuwa nimesimama hatua thelathini kutoka kwenye boti, samoni mmoja kila mkono, nikifikiria sura ya Evan.

Dubu alitoka vichakani, na hakupita mbali kama juzi. Alikuja moja kwa moja, pua juu, watoto nyuma. Wakaenda kwenye boti yangu. Mama akalamba ubavu wa boti. Akasugua shingo kwenye kiti. Watoto wakaingia ndani, wakagaagaa mgongo chini miguu juu. Kisha mama akainua kichwa, akanusa upande wangu, akatazama viatu vyangu.

Miguu ilitaka kwenda. Nikasikia sauti ya Matrona nyuma yangu, ya chini, kama anayemwambia mtu apitishe sukari.

"Zakar. Usikimbie. Njoo kinyumenyume."

Nikauliza nimtupie samaki?

"Washike hao. Ukimlisha leo, kesho atamfuata mtoto wa mtu."

Nikarudi nyuma, hatua kwa hatua. Matrona alikuja mbele, akapita ubavuni mwangu, akasimama kati yangu na dubu. Mwanamke wa goti bovu! Akaanza kusema naye. "Mama, tumekuona. Wanao wazuri. Tunaondoka, hatuna neno na wewe." Mtoto mmoja akaruka kutoka kwenye boti, akaja upande wetu akicheza. Na mama akaja.

Sikujua kitu kikubwa vile kinaweza kuja kasi vile. Kokoto ziliruka. Kopo lilikuwa tayari mkononi mwa Matrona, sikuona limetoka lini. Ningekuwa mimi ningepuliza akiwa bado mbali, upepo ungeibeba pilipili yote. Yeye alingoja. Alingoja mpaka nikaona maji yakidondoka kwenye mdomo wa yule mnyama. Ndipo akapuliza, chini, mbele ya miguu ya dubu. Wingu la chungwa likasimama kama ukuta. Dubu akaingia ndani yake, akasita, akapiga chafya, akageuka akipangusa pua kwa mguu, akawafokea wanawe. Wakapotea vichakani wote watatu.

Ukabaki mto tu.

Matrona aliniongoza mpaka kwenye boti yake, akatupeleka katikati ya mto. Akatoa chupa ya chai. Hakuweza kuifungua. Mikono ilikuwa inamtetemeka kama jani. Nikamfungulia mimi, nikammiminia.

Nikamwambia nilidhani haogopi.

Akasema, "Shemeji, mimi naogopa tangu siku ile ya Gerasim. Kila asubuhi. Ndiyo maana naangalia kila kitu. Wewe huogopi, ndiyo maana huoni."

Nililia kidogo, na si kwa pilipili.

Tulipofika kijijini, boti yangu tukiivuta nyuma kwa kamba, aligawa samaki wake nusu kwa nusu, akawapeleka kwenye banda langu. Limejaa. Hakumwambia Olinka chochote. Nilimwambia mwenyewe, karibu yote.

Jumatano, 12 Julai

Siku tatu nimesugua boti kwa mchanga na sabuni, Matrona akisimamia kutoka kwenye kiti. Imetakata.

Jana kikao cha kijiji. Walimwomba Matrona awafundishe watu namna ya kuvua penye dubu. Alikataa. Alisema ana samaki wa kupasua, anayetaka kujifunza aje kukaa naye na kutazama. Nikainua mkono! Nikasema nimekuwepo, nimeona, nitafundisha mimi. Hakuna mwingine aliyejitolea. Mzee Wassily alifumba macho kwa muda mrefu, nadhani ni shukrani.

Bafuni nimesimulia tukio lote. Katika masimulizi yangu kopo limeshikwa na mikono miwili, mmoja wa Matrona. Ni kwa ajili ya kufundisha vizuri. Leo asubuhi Evan amehamia na mbwa wake wote kwenye kambi ya uvuvi iliyo upande wa chini wa mto, wivu mtupu.

Somo la kwanza ni Jumamosi. Naandaa sasa, mezani jikoni. Jambo la kwanza kabisa: USAFI. Nimeandika vizuri, kurasa mbili: usiache hata gamba la samaki karibu na unapolala, harufu inasafiri maili nyingi. Nimejipongeza.

Olinka ameenda kwa dada yake kumsaidia kupasua. Kabla ya kutoka aliniambia mara ya tatu nitupe ile ndoo ya vichwa vya samaki iliyokaa mlangoni tangu Jumapili. Nimemwambia kila kitu kwa wakati wake, mtu akiandika somo hasumbuliwi.

Sasa kuna kinachokwaruza mlango wa jikoni. Ndoo imeanguka. Naona Evan amerudi mapema na mbwa wake wasio na adabu. Nimepiga kelele waondoke, hawasikii. Mlango mzima unatikisika.

Naweka kalamu chini kidogo, nikawafungulie niwafukuze.